Bomba la Pazia

Mwanangu Mihayo,

Umetoka sasa hivi kwenda soko la vitambaa la Zhongda kumtafutia mke wa mjomba wako kitambaa cha gauni, na ninavyokujua hutarudi mapema, maana ukiingia lile soko unasimama kuyakodolea majora macho kama mtu anayeangalia mpira. Basi nimepata saa chache za kukaa peke yangu na kalamu. Kesho asubuhi unaondoka China kurudi nyumbani. Sanduku lako liko hapa mlangoni, nimelifungua mara mbili na kulifunga, sikuongeza kitu wala sikutoa.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za kuwahi darasani huko chuo cha nyuki. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuniitikia "sawa mama" kabla sijamaliza sentensi. Nakuandikia habari ya bunduki yako.

Tulia kwanza. Sijaja kukukataza.

Daftari lako la michoro nimelisoma. Usinune, uliliacha juu ya friji, na mtu akiacha kitu juu ya friji ya mama yake ajue amekigawa. Nimelisoma lote, na nikuambie ukweli, nilijivuna. Umepanga kama mtu mzima. Umeandika kwamba unataka gumegume hasa, la jiwe linalotoa cheche, siyo la fataki kama magobore ya watu wa kwetu siku hizi. Kitako kiwe cha mninga uliokauka kivulini misimu miwili. Urefu wake kutoka ardhini mpaka kidevuni mwako, na umejichora hapo pembeni umesimama nalo, na kidevu umekiongeza kidogo, lakini hiyo tuiache. Umeandika utakwenda kwanza kuuliza habari za kibali kabla fundi hajagusa kipande cha mti. Umeandika utawinda ngiri dume tu, na kwamba bunduki ya namna hiyo inakupa risasi moja, ukikosa umekosa, kwa hiyo lazima umsogelee mnyama na umngoje. Hapo nikasema, huyu kweli amepita mikononi mwa mjomba wake Shija.

Halafu chini kabisa umeandika: "Mtutu: Mjomba anao."

Nilidhani ni ndoto zako tu. Mpaka jana, ulipokuwa unaongea naye kwa video pale sebuleni, nami jikoni nakaanga samaki. Nikamsikia anasema, "Mjomba, subiri nikuonyeshe." Vitu vikaanguka huko stoo kwake. Kisha: "Hili hapa. La mama yako hili, la China. Yalikuwa mawili. Moja nililiharibu mimi kwa ujinga wangu wa kupima baruti, hili nikalitunza. Nilisema litangoja mtu wake. Ndiyo mtutu wako huu."

Ukashangilia. Ulipiga na makofi. Samaki wakaungua, ukaja jikoni kuniuliza "Mama, kulikoni?" nikakujibu moto ulikuwa mkali. Moto haukuwa mkali, Mihayo. Nilikuwa nimewasahau samaki, namsikiliza mjomba wako.

Bomba hilo halifai. Nakuandikia mapema ili hata ukiacha kusoma hapa uwe umelijua hilo moja: lisitiwe baruti, lisiwekwe begani, si lako wala la mtu yeyote. Lile la kwanza halikupasuka kwa sababu mjomba wako alikosea kupima. Lilipasuka kwa sababu yangu mimi.

Leo asubuhi nilitaka kukuambia kwa mdomo. Ulikuwa unakunywa chai, nikakaa mbele yako, nikafungua mdomo, nikakuuliza kama umepakia sweta. Ukacheka, ukasema, "Mama, Sikonge na sweta wapi na wapi?" Basi nikacheka na mimi. Najijua. Nikianza kusema kwa mdomo nitashusha bei ya kosa langu. Nitasema sikujua, nitasema yule muuzaji, nitasema zamani zile. Miaka yote hii kazi yangu ni kuwashushia wafanyabiashara wa kwetu bei madukani, na sijapata kuona kitu nikashindwa kukishusha. Kwa hiyo naandika.

Wewe ulikuwa na miaka sita, unakumbuka vipande vipande tu. Nikukumbushe. Baba yako alipofariki nilikuachia kwa Shija nikaja huku kutafuta. Mdogo wangu huyo hakuniuliza hata nitarudi lini. Alikupandisha mabegani akaingia nawe ndani. Wakati ule alikuwa fundi wa magobore anayejulikana mpaka Urambo. Watu wenye bunduki za babu zao, zenye vibali, walizileta kwake zikiwa zimekufa, akazifufua. Alikuwa na kijiko cha pembe cha kupimia baruti, na akipima anafumba macho kidogo, kisha anapitisha kidole juu kuisawazisha. Hakuna mtu aliyepata kuumizwa na bunduki iliyotoka mikononi mwa Shija.

Akanipigia simu akasema, "Dada, nataka kutengeneza bunduki mbili nzuri kabla sijazeeka. Moja yangu, moja ya Mihayo akikua. Huku chuma cha maana hakipatikani, watu wanatumia mabomba ya maji. Wewe uko kwenye viwanda. Nitafutie." Akampa mfanyabiashara mmoja wa Tabora aliyekuwa anakuja huku kipande kidogo cha mtutu wa zamani, amekikata kama pete, aniletee kiwe sampuli. Na maneno yake yalikuwa matatu tu: bomba lisiwe na mshono, ukuta wake usiwe mwembamba kuliko pete hii, na uwaambie wauzaji ni la kazi gani.

Pete ile niliikuta imefungwa kwenye kitambaa cha leso. Ilikuwa nzito, nikashangaa kitu kidogo vile kuwa na uzito wote ule.

Sasa mimi wakati ule nilikuwa ndiyo kwanza nimechangamka mjini hapa. Wateja kutoka nyumbani walinigombania. Ukifika soko la Zhanxi ukauliza nani anajua kushusha bei ya viatu, wanakuambia mtafute Mama Mihayo, yule ataushusha hata mlima. Nilikuwa nikiingia dukani laoban, yaani bosi wa duka, anashika kikokotoo kwa mikono miwili kama nakuja kumnyang'anya. Nililipenda jina lile kuliko nilivyopaswa kulipenda.

Na nilikuwa nimekwisha kuonywa. Mwaka ule ule nilikwenda Shiling, kwenye viwanda vya mikoba, na mteja wa Mwanza kuchukua mzigo. Nikambana yule laoban wa mikoba mpaka akaitikia kwa kichwa. Mteja wangu akanikumbatia. Mikoba ilipofika Mwanza, mishikio iling'oka mmoja baada ya mwingine, wanawake wakaangusha vitunguu sokoni. Nilipomrudia yule laoban hakukasirika. Alinichukua mpaka mezani kwake, akaniwekea mikoba miwili, ule wa sampuli na ule niliopewa, akanigeuzia ndani nione mishono. "Bei yako," akasema, "na mkoba wako." Ndivyo wanavyofanya kazi hapa, na kila mtu anayekuja kununua anajifunza hilo kwa kuumia. Mchina wa kiwandani hakukatalii bei. Ukimbana sana anakubali, halafu anakutengenezea kitu cha bei hiyo. Haoni kama amekuibia, na mimi siku hizi sioni pia.

Nililijua hilo, mwanangu. Nilikuwa nimelijua miezi mitatu kabla sijaenda kununua bomba la mdogo wangu.

Nikaenda mtaa wa vyuma na ile pete mfukoni. Nikampata mzee mmoja mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Akaipima pete kwa kifaa chake, akaigonga, akainusa. Akanitolea bomba moja, jeusi, baya kwa kulitazama, zito. Akaandika bei. Nikamwambia, "Pianyi, pianyi," yaani punguza. Akatikisa kichwa. Nikamwonyesha mgongo, nikaondoka mpaka mlangoni, nikangoja aniite kama wanavyoita wote. Hakuniita. Hiyo nayo iliniudhi! Nikarudi mwenyewe. Ndipo akaniuliza, kwa ishara na maneno mawili matatu, ni la kazi gani.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Bunduki katika nchi hii si neno la kutamka dukani. Watu wetu wamepata kuitwa polisi kwa mambo madogo kuliko hayo. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumwambia ni kitu cha kubeba nguvu kubwa, au ningeweza kuondoka tu, nimwambie Shija sikupata. Lakini mimi nilikuwa nataka bei. Nikaona hapa napata njia. Nikamwonyesha dirisha lake, nikavuta hewani hivi na hivi kama mtu anayefungua pazia.

Uso wake ukafunguka. Akacheka. Lile bomba jeusi akalirudisha ndani, akaja na jingine, linang'aa, akaniandikia bei chini ya nusu ya ile ya kwanza. Ile pete akanirudishia na kuniambia kwa mkono kwamba kwa pazia hii haihitajiki. Nikachukua mawili. Nilitoka pale natembea kwa madaha barabarani, Mihayo. Nilimpigia rafiki yangu mmoja kumsimulia nilivyomweza yule mzee.

Nyumbani nikayaficha mabomba katikati ya majora mawili ya kitambaa, nikaenda nayo ofisi ya kago ya ndege. Pale mizigo inalipiwa kwa kilo. Binti wa kago akapandisha majora kwenye mizani, nami nikafumba macho nikingoja kulia. Nikafumbua: uzito ulikuwa mdogo. Mdogo sana. Mkono wangu ulikuwa bado unakumbuka uzito wa ile pete, na kichwa changu kikasema pale pale, mama weee, hivi si vitu viwili tofauti? Ilikuwa sekunde moja tu. Halafu nikafurahi kwa sababu kago imekuwa rahisi, nikalipa, nikaondoka zangu.

Kama ingeishia hapo ningeweza kujitetea. Lakini mabomba yalipofika Sikonge mjomba wako alinipigia. Sauti yake naisikia mpaka leo. "Dada, asante sana, yamefika. Lakini mbona mepesi? Na ukuta wake naona mwembamba kuliko ile pete niliyokutumia." Alikuwa ananiuliza kwa heshima, mimi ni dada yake mkubwa, niliyemfunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule. Na mimi nikamjibu kama ninavyowajibu wateja. Nikamwambia, "Shija, hicho ni chuma cha kisasa. Siku hizi wanatengeneza chepesi lakini kigumu. Acha ushamba." Akacheka. Akasema, "Haya dada, wewe ndiye uliye kwenye viwanda."

Aliniamini kwa sababu mimi ndiye niliye kwenye viwanda.

Siku aliyoijaribu bunduki ya kwanza ulikuwepo. Unakumbuka mlio, umewahi kuniambia, na unakumbuka alikuwa amekuweka mbali nyuma ya kichuguu, amekuambia uzibe masikio. Hukukumbuka zaidi ya hapo na nilishukuru. Bomba lilipasuka karibu na mkono wa kushoto, ule unaoshika mbele. Vidole vinne vikaenda. Kilibaki dole gumba. Wifi yangu alinipigia kutoka hospitali, analia, anasema, "Shija anasema alishindilia baruti nyingi. Anasema alikosea kupima." Nami nikasema, "Pole. Poleni sana." Hayo ndiyo niliyosema. Wakati huo nilikuwa nimesimama Zhanxi, mteja ananivuta mkono, mikokoteni inapita, na nilichokuwa nakiona ni mshale wa mizani ya kago.

Kesho yake nilikwenda kwa yule mzee wa vyuma nikamfokea mbele ya watu. Nilimwita mwizi kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa kila lugha. Aliingia ndani akatoka na kitabu chake cha risiti. Nilikuwa nimekwenda na yule binti wa kago anisaidie kutafsiri. Binti akasoma, akanitazama, akasoma tena. Akaniambia, "Hapa ameandika bomba la pazia. Anasema wewe mwenyewe ulimwambia ni la pazia. Anauliza, pazia limeanguka? Kuna mtu ameumia?" Yule mzee alikuwa ananitazama kwa huruma kabisa. Nikaondoka. Sikumwomba radhi, mpaka leo sijamwomba, na duka lake lilikwisha kuvunjwa zamani.

Hapo ndipo ningepaswa kumpigia mdogo wangu. Nilisema nitampigia akitoka hospitali. Alipotoka nikasema akipata nafuu. Alipopata nafuu, nikasema sasa ya nini kumtonesha mtu kidonda, yeye mwenyewe amekwisha kukubali. Njia ya kukwepa haikosekani ukiitafuta. Nilituma fedha za dawa, nikatuma baiskeli, nikakuchukua wewe nikakuleta huku nikasema nampunguzia mzigo. Jumapili moja katika ibada yetu hapa nilisimama nikaomba watu wamwombee mdogo wangu aliyepata ajali. Kanisa zima likasimama likamwombea. Nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Watu wa kwetu unawajua. Walianza kusema fundi alikuwa amelewa. Shija halewi! Walizichukua bunduki zao, hata zile alizokwisha kuzitengeneza wakazipeleka kwa mtu mwingine zikakaguliwe upya. Yeye hakujitetea. Alisema, "Nilikosea kupima," na kila aliyemuuliza alimjibu hivyo hivyo, mpaka likawa kama jina lake.

Na kuna jambo moja ambalo nikilikumbuka nataka kujificha chini ya kitanda. Ulipokuwa darasa la nne huku, hesabu zinakupiga chenga, unaandika majibu bila kuhakiki, mimi nilikuwa nakuambia nini? "Pima mara mbili, Mihayo. Unamwona mjomba wako? Hakupima vizuri, ona mkono wake." Nilimfanya mdogo wangu kuwa somo lako. Siku moja ulimwambia kwenye simu, mtoto hana siri, "Mjomba, mama anasema nisiwe kama wewe, nipime mara mbili." Nikasikia anacheka huko, anasema, "Mama yako anasema kweli, mjomba." Nikakupokonya simu. Ulidhani nimekukasirikia wewe.

Haya. Sasa bunduki yako.

Itengeneze. Mimi siogopi bunduki, nimekulia kwenye nyumba inayonuka baruti na ngozi. Nimependa kwamba umechagua ya risasi moja. Ila mtutu wako utafute kwa mtu anayeuza mitutu, mwenye leseni, na umwambie waziwazi ni wa nini. Kama sheria inasema subiri mwaka, subiri mwaka. Kama inasema hapana, basi ni hapana, utakula kuku. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi niliuficha kwa kuona aibu na kwa tamaa ya bei, vyote viwili. Fundi ukimficha kazi ya kitu, anakutengenezea kitu cha kazi nyingine. Na bei ya shati pigana nayo mpaka jasho likutoke, nitakupigia makofi. Bei ya kitu utakachokiweka karibu na jicho lako, ilipe. Kama huna, usinunue.

Nilitaka kuandika pia kwamba mtu akikuuliza swali, "Mbona jepesi?", usimjibu haraka kwa sababu unalo jibu zuri. Mimi nina majibu mazuri mengi sana. Yamenilisha, yamekusomesha, sitayatukana yote. Lakini lile moja limekula vidole vya mtu.

Nilipofika hapa niliiweka kalamu chini. Nilikuwa nimepanga ukifika umsomee mjomba wako barua hii, wewe kwa mdomo wako, mimi niko mbali kilomita maelfu. Nikaisoma tena hiyo nia yangu nikaona, ebo, huyu mwanamke bado ananunua rahisi! Anataka mtoto akalipe. Huku ilikuwa saa kumi jioni, kwa hiyo kule ni saa tano asubuhi. Nikapiga.

Akapokea upesi, kwa furaha. "Dada! Shikamoo. Mtoto anaondoka saa ngapi? Mimi hapa naziba pancha ya baiskeli ili nije nimpokee vizuri."

"Marahaba. Shija, kaa chini."

"Nimekaa. Kuna nini? Mihayo mzima?"

"Mihayo mzima. Nina jambo. Usinikatize mpaka nimalize."

Nikamwambia. Nilianza na mzee wa vyuma nikaenda mpaka mwisho: bomba jeusi, pazia, mizani, na lile jibu langu la chuma cha kisasa. Nikamwambia alilolitunza stoo ni la pazia na asimpe mtoto. Sikulia, nilihofia nikilia ataanza kunibembeleza, ndivyo alivyo. Hakunikatiza. Nilikuwa nasikia kuku, na wifi yangu anamwita mtu kwa mbali. Nilipomaliza nikamwita.

"Shija?"

"Rudia hapo pa mizani," akasema.

Nikarudia.

"Ulijua siku ile ile."

"Nilijua siku ile ile."

Akavuta pumzi. "Kwa hiyo baruti niliipima sawasawa."

"Uliipima sawasawa, Shija. Hukukosea."

"Miaka kumi na mitatu, dada," akasema. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Miaka kumi na mitatu sijampimia mtu kitu. Hata chumvi kwenye mboga napimiwa na mke wangu. Nilikuwa siuamini mkono uliobaki."

Kisha akakata simu.

Nimempigia mara nne. Inaita mpaka inakwisha. Huku jua limeanza kushuka, na nasikia lifti kila inapofika ghorofa yetu nadhani ni wewe.

Kwa hiyo, mwanangu, sijui utamkuta nani huko. Ukishuka stendi ukamkuta amekuja na baiskeli, mwamkie, usiseme lolote juu ya bunduki wala juu yangu mpaka aanze mwenyewe. Ukikuta hayupo, usikasirike, nenda kwake, piga hodi, kaa nje hata kama ni mpaka jioni. Wewe hujamkosea, na atakufungulia. Akinitukana, msikilize mpaka amalize, usinitetee hata kwa neno moja. Na usiniombee msamaha. Deni hilo ni langu, nitalibeba mwenyewe. Tiketi ya kuja huko nitaikata mwezi ujao, anipokee asinipokee.

Ila kuna jambo moja nakuomba unifanyie, kwa kuwa wewe utamwona kabla yangu. Siku ya kwanza mkikaa kula, mtakapokuwa mnapika, mpe chumvi aipime yeye.

Mimi ni mama yako,
Mama Mihayo.